Je, Lugha ya Nyumbani Ina Kiti Katika Kipindi cha Kiingereza?

Muhula uliopita wanachama wa Chama cha Kiswahili walinituma niwaulize walimu swali moja, kisha niwaletee majibu katika jarida letu hili. Swali lenyewe ni hili: mwalimu anapofundisha Kiingereza, je, ni sawa atumie lugha ambayo wanafunzi wake wanaijua tayari, iwe Kiswahili au lugha ya mama? Au afunge mlango kabisa na kusema Kiingereza kitupu mpaka kengele ilie?

Huenda ukauliza jambo hili latuhusu nini sisi wa Kiswahili. Wako waliouliza hivyo mkutanoni, tena kwa sauti. Latuhusu kwa sababu hapa kwetu, viungani mwa jiji la Nakuru, Kiingereza kikikwama lugha inayoitwa kuja kusukuma gari ni Kiswahili. Tena latuhusu kwa sababu ya mwenzetu mmoja ambaye sitamtaja. Katika midahalo ya chama hiki yeye huwatoa wapinzani jasho. Ana hoja, ana methali, ana ulimi mwepesi. Lakini kipindi cha Kiingereza kikianza anakuwa bubu, hafungui kinywa ila kuitikia jina. Mwaka ujao ataketi mbele ya karatasi tatu za Kiingereza za KCSE kama sisi sote, na alama atakayopata ndiyo itakayomfungulia au kumfungia milango mingi. Sasa niambie, huyo ni mjinga?

Nilianza na mwalimu wa Kiingereza ambaye ameshika chaki miaka mingi kuliko wenzake wote wa idara ya lugha. Yeye hataki hata kusikia. Anasema lugha hujifunzwa kwa kuisikia na kuisema, na kila neno la Kiswahili linaloingia katika kipindi chake limekalia kiti cha neno la Kiingereza. Nilidhani ni ukali tu, lakini alichukua karatasi akanipigia hesabu. Sisi wa kidato cha tatu tuna vipindi 8 vya Kiingereza kwa wiki. Kila kimoja ni dakika 40. Jumla ni saa 5 na dakika 20, na wiki nzima ina saa 168. Mwanafunzi wa shule ya bweni huenda akakisikia Kiingereza bwenini na kwenye foleni ya chakula. Sisi wa kutwa tukishapita langoni jioni, Kiingereza tunamwachia bawabu. Kwenye matatu ni Sheng, dukani ni Kiswahili, nyumbani ni lugha ya mama. Zile saa 5 zikigawanywa tena, kitabaki nini? Hoja hiyo ina uzito, na kati ya walimu wote niliozungumza nao sikuona aliyeijibu ikaisha.

Msimamo wake una historia ndefu. Zamani huko Ulaya watu walijifunza lugha za kigeni jinsi walivyojifunza Kilatini, yaani kukariri sarufi na kutafsiri kifungu baada ya kifungu. Mtu angeweza kumaliza kitabu kizima na bado ashindwe kuomba maji ya kunywa. Ndipo wakatokea waliosema hapana, tuseme lugha yenyewe tangu siku ya kwanza. Mmoja wao alikuwa Maximilian Berlitz, aliyefungua shule yake ya kwanza huko Providence, Marekani, mwaka wa 1878. Katika shule za Berlitz, lugha inayofundishwa ndiyo pekee inayosemwa. Huwezi kulaumu mabadiliko hayo, yalikuwa dawa ya ugonjwa wa kweli.

Jambo hilo lilifika hata karibu na kwetu. Mwaka wa 1961 wataalamu kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza. Miaka thelathini hivi baadaye, yaani 1992, msomi kwa jina Robert Phillipson alitoa kitabu ambamo alichambua imani zilizopata nguvu katika mkutano ule. Ati Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza pekee. Ati mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho. Ati kikianza mapema ndiyo vizuri, na kikizidi ndiyo vizuri zaidi. Ati lugha nyingine zikitumiwa sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson alisema zote tano ni imani potovu. Simwombi msomaji akubaliane naye katika zote. Ninachotaka uone ni kwamba kanuni tunayoambiwa kana kwamba ilishuka na mvua iliwekwa na watu wakiwa wamekaa kwenye viti, na watu wengine wameipinga.

Kutoka kwa mwalimu huyo nilikwenda kwa mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alifundisha tangu miaka ya sabini, wakati ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipopendekeza kuwa watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, kisha Kiingereza kishike usukani darasa la nne. Alinieleza ilivyokuwa. Novemba mtoto ni mwerevu, anajibu kila swali. Januari, akiwa darasa la nne, anaitwa mzito. Kichwa ni kile kile, kilichobadilika ni lugha ya ubao.

Mzee huyo ndiye aliyenisimulia pia habari za diski. Wengi mnaijua, wengine hata mmeivaa. Ni kipande cha mbao au bati kinachofungwa kamba na kutiwa shingoni mwa mtoto aliyepatikana akisema lugha ya mama. Naye hukaa nacho mpaka amnase mwingine, na jioni msururu mzima unaitwa mbele. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alieleza mateso ya namna hiyo katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, akikumbuka shule za utoto wake wakati wa ukoloni. Wakoloni walikwenda, diski ikabaki. Mzee alicheka kwa uchungu akaniambia kuwa diski haikufundisha Kiingereza, ilifundisha unyatiaji. Mwenye diski alikuwa akimwendea rafiki yake polepole, anamwonyesha mdudu, anamwuliza kwa upole mdudu huyu kwenu anaitwaje. Rafiki akijibu tu, kamba shingoni!

Hapa nataka kuwa mwenye haki. Mwalimu wetu wa Kiingereza hana diski wala hamwaibishi mtu. Kusema Kiingereza kitupu kwa dakika 40 ni jambo moja, kumfanya mtoto aione lugha ya mama yake kuwa uchafu ni jambo lingine. Wengi wetu tunapojadili huchanganya haya mawili, halafu tunapigiana kelele bure.

Sasa nije kwa mwalimu wa mazoezi aliyekuja kutoka chuo kikuu. Kipindi chake kimoja ndicho kilichonifungua macho kuliko maelezo yote. Alikuwa akifundisha maswali ya kukanusha. Alimgeukia kijana mmoja wa nyuma, saa saba kasoro, akamwuliza, "Haven't you eaten?" Kijana akajibu kwa heshima, "Yes." Mwalimu akasema vizuri, basi umeshiba. Kijana akashangaa, kwa maana alikuwa na njaa ya kuuma! Mwalimu akaeleza kanuni kwa Kiingereza. Akaieleza tena. Akachora sahani mbili ubaoni, moja ina chakula na nyingine tupu. Tukatikisa vichwa kama mijusi, lakini hakuna aliyeelewa. Ndipo akaandika neno moja pembeni mwa ubao: Hujala?

Ukiulizwa "Hujala?" kwa Kiswahili nawe hujala, unajibu "Ndiyo, sijala." Ile ndiyo inamjibu muulizaji, kana kwamba unamwambia umesema kweli. Kiingereza hakimtazami muulizaji, kinatazama jambo lenyewe. Kama hujala, jibu ni "No", hata swali liwe limekunjwa namna gani. Basi! Darasa zima lilitoa sauti moja ya "aaa". Ilichukua muda mfupi, naye hakukaa hapo. Alifuta lile neno la Kiswahili, akarudi kwa Kiingereza, akatuuliza maswali ya namna hiyo mmoja mmoja mpaka mwisho wa kipindi. Haven't you slept? Didn't they come? Isn't it raining? Hata yule kijana mwenye njaa alijibu sawasawa.

Baadaye aliniambia kuwa mbinu hiyo si uvumbuzi wake. Kuna mtaalamu wa Ujerumani, Wolfgang Butzkamm, anayeifananisha na sandwichi: useme usemi wa Kiingereza, uuseme kwa lugha ya nyumbani upesi na kwa sauti ya chini, kisha uurudie kwa Kiingereza. Mkate, siagi, mkate. Siagi ikiwa nyingi kuliko mkate, hapo umepotea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya mahali ambapo Kiswahili kimejificha ndani ya Kiingereza chetu. Chukua neno "mkono". Kwetu mkono huanza begani ukaishia vidoleni, lakini Kiingereza kimeukata mara mbili, "arm" huku na "hand" kule. Mguu nao vivyo hivyo, na kidole cha mguuni kina jina lake peke yake. Ndiyo maana katika insha mtu huandika amevunjika "hand" kumbe plasta imeanzia juu ya kiwiko. Chukua "azima". Nikikwambia niazime kalamu, au nikisema nimeazima kalamu kwako, mzizi ni ule ule. Kiingereza kina "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea, nasi husema "borrow me your pen" bila wasiwasi wowote. Chukua "pole". Mtu akijikwaa tunamwambia pole ingawa si sisi tulioliweka jiwe. Tunapomwambia "sorry", mgeni kutoka Uingereza hushangaa na kuuliza kwani umefanya nini? Na "nyinyi" je? Kiingereza cha sasa kina "you" moja kwa mtu mmoja na kwa umati. Sisi tuliozoea wewe na nyinyi tunaona pengo, tunaliziba kwa "you people", halafu anayeambiwa anadhani ametukanwa. Mimi hapo naona kasoro ni ya Kiingereza, lakini mtahini wa KCSE hataniuliza maoni yangu.

Unaona sasa. Hata mwalimu akifunga mlango na madirisha, lugha ya nyumbani imo ndani tayari. Imekaa katika majibu yetu, katika insha zetu, katika ukimya wa wale wanaotafsiri kichwani kwa haraka wakakuta mwenzao ameshajibu. Swali la kama iingie au isiingie limepitwa na wakati. Kilichobaki ni kama tutaitaja kwa jina au tutajifanya hatuioni.

Hata hivyo kuna kikwazo, nacho nilikipata kwa mwalimu wetu wa Jiografia. Aliniuliza, lugha ya mama, ya mama yupi? Katika darasa letu moja kuna Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Wakisii, Waluhya, Wamaasai na Waturkana. Mwalimu akifafanua neno kwa lugha yake, wale wanaoielewa watafurahi na wengine watabaki nje ya mlango wakichungulia. Na hapa Nakuru, baada ya yaliyotokea mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, sihitaji kueleza zaidi kwa nini kubaki nje si jambo dogo. Kiswahili kina afadhali kwa kuwa hakina kabila darasani humu.

Nilidhani mlezi wa chama chetu angefurahia maneno hayo, maana ni sifa kwa Kiswahili. Wapi! Yeye ndiye aliyenishangaza kuliko wote. Anapinga Kiswahili kutumiwa katika kipindi cha Kiingereza, na sababu yake ni tofauti kabisa. Anasema Kiswahili kinaitwa pale kama kibarua. Kibebe mzigo, kisha kiondoke bila hata kushukuriwa. Tena kinachosemwa huko mara nyingi ni Kiswahili cha kuokoteza, ngeli zimevunjika, nusu Sheng, kwa sababu anayekisema anaona ni njia ya mkato tu. Baada ya hapo tunaingia kwake tukiandika "kitabu yangu". Akaongeza kuwa Katiba ya 2010 imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi haiingii darasani kwa mlango wa jikoni.

Nimeifikiria sana hoja hiyo. Naona ni kweli kuhusu mwalimu anayetafsiri kila sentensi kwa sababu ya uvivu, na wapo, sote tumewaona. Si kweli kuhusu yule wa "Hujala?". Yeye hakukitumia Kiswahili kama kibarua. Alikiweka ubaoni kando ya Kiingereza akakitazama kina namna gani ya kufikiri. Siku hiyo nilijifunza jambo la Kiswahili pia, ambalo nimelisema tangu utotoni bila kulijua.

Na kikwazo cha lugha nyingi? Chama chetu kilifanya jaribio Ijumaa moja baada ya masomo. Tuligundua kuwa si lazima mwalimu azijue lugha zote, wenye lugha wapo wameketi. Tuliuliza tu, kwenu mnatofautishaje "he" na "she"? Kiswahili kina yeye. Wajaluo wakasema wana "en" kwa mwanamume na mwanamke. Wakikuyu wana neno moja vilevile. Mmaasai mmoja akatuambia kuwa majina ya vitu katika lugha yake yana jinsia, "ol" kwa upande wa kiume na "en" kwa upande wa kike, lakini anapofika kwa "yeye" neno ni moja tu. Kwa hiyo kijana anayeandika "my mother, he is a farmer" hajamdharau mamaye. Karibu kila lugha iliyo nyuma yake haikumfundisha kutenganisha hapo.

Tukaendelea na sauti, na hapo kicheko kilikuwa kikubwa, lakini kilikuwa cha kugawana. Kikuyu hakina sauti ya L, ndiyo maana "lorry" huwasumbua. Dholuo haina SH, ndiyo maana "fish" hugeuka. Kikalenjin hakitenganishi P na B kuwa sauti mbili zinazobadilisha maana ya neno. Ukishajua hivyo, mwenzako akiteleza humwiti mshamba, unamwonyesha ulimi uguse wapi au koo litetemeke vipi. Mimi naona nusu saa hiyo ilitusaidia kuliko mwaka mzima wa kuchekana.

Nilimpelekea yule mwalimu wetu mkongwe majibu haya yote. Aliyasoma akiwa amesimama. Hakubadilisha msimamo wake kuhusu yeye mwenyewe kusema Kiswahili, na wala sikutarajia. Lakini alikubali jambo moja, kwamba tukipewa kazi ya makundi tunaweza kujadili kwa lugha yoyote tunayoelewana sote kwa dakika 5 za kwanza, mradi ripoti itolewe kwa Kiingereza na msomaji wa kundi abadilike kila mara. Juma la tatu zamu ilimfikia yule mwenzetu ninayemsema. Katika zile dakika 5 yeye ndiye aliyetupangia hoja zote. Kisha akasimama. Alisema sentensi mbili kwa Kiingereza. Ya pili ilikuwa na kosa, mwalimu akaisahihisha, naye akairudia ikiwa sawa kabla ya kuketi.

Kabla ya mkutano wetu ujao, msomaji, nakuachia kazi. Tafsiri sentensi hizi kwa Kiingereza bila kumwuliza mtu: Ninasikia harufu ya moshi. Nilivunjika mkono karibu na bega. Niazime rula yako. Nyinyi mlimwona mama akija? Kisha ujibu kwa Kiingereza swali la "Didn't you go to school yesterday?" ikiwa hukwenda. Chini ya kila sentensi andika inavyosemwa kwa lugha ya kwenu, neno kwa neno, na upige mstari palipotofautiana na Kiingereza. Leta karatasi yako Ijumaa saa kumi katika chumba cha kidato cha tatu. Wa madarasa mengine wanakaribishwa sana, na mwenye lugha ambayo sikuitaja hapa atapewa nafasi ya kwanza.